Tarehe ya Kifo: Bado

Jumanne moja saa sita mchana mke wangu alikuja karakana kwangu na barua mkononi, akaniambia ameua watu thelathini na tisa.

"Wangapi?" nikamuuliza.

"Thelathini na tisa. Imeandikwa hapa. Soma mwenyewe."

Mimi ni fundi wa hospitali. Vitanda, milango, viti vya magurudumu, vyote vikilegea vinaletwa kwangu. Siku hiyo nilikuwa nimelala chini ya kitanda cha wodi ya wazazi, nakaza bolti ya mguu. Nikatoka, nikapangusa grisi mikononi, nikaisoma ile barua. Ilikuwa ndefu, lakini habari yake fupi. Katika utafiti wa nimonia unaofanyika katika hospitali tano, wodi yetu ya watu wazima imeonekana kuwa na vifo hamsini, ilhali mochwari ilipokea maiti kumi na moja tu. Vifo thelathini na tisa havikuripotiwa popote. Kwa hiyo muuguzi anayetunza rejista ya wodi anaondolewa wodini hadi uchunguzi utakapokamilika. Kesho asubuhi aripoti stoo ya mashuka.

"Sasa nikuulize, baba watoto," alisema, na sauti yake haikuwa ya kulia, ilikuwa ya mtu aliyechoshwa. "Kama wamekufa na mochwari hawakufika, maiti zote hizo nimezipeleka wapi? Nimezikunja nikazitia kwenye droo?"

Nikamvutia kigoda akae.

Mke wangu ni muuguzi kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, na karibu miaka yote hiyo rejista ya wodi imekuwa mkononi mwake. Hospitali nzima inamwita Mama Rejista, na wengine hawajui jina lake jingine. Anaandika herufi za mviringo, zimesimama wima, hazigusani. Madaktari wakishindwa kusoma mwandiko wao wenyewe wanakuja kumuuliza yeye waliandika nini.

Hata mimi nilimpata kupitia daftari. Nilikuwa mgeni kazini, nikatumwa wodini kwake kutengeneza mlango. Nilipomaliza akanipa daftari la matengenezo niandike. Nikaandika "Tayari". Akanirudishia.

"Tayari nini?" akauliza. "Tayari umeanza, au tayari umemaliza?"

"Nimemaliza, dada."

"Basi andika umemaliza. Akija mwingine kesho atajuaje?"

Nikaandika upya. Mwaka uliofuata nikampelekea barua ya posa, akanirudishia na masahihisho mawili, halafu akakubali. Nyumbani kwetu kopo la sukari limeandikwa "Sukari, si chumvi". Watoto wetu watatu kila mmoja ana daftari lake la magonjwa tangu jino la kwanza. Ninachotaka kusema ni kwamba mtu wa namna hii ukimwambia ameficha vifo, hujamtukana yeye tu. Umetukana kila karatasi aliyowahi kuigusa.

Katika rejista yake, mgonjwa akimaliza safari yake wodini huandikiwa neno moja kati ya matatu. Aliyepona kabisa huandikwa "amepona". Aliyekufa huandikwa "amefariki", kwa wino mwekundu. Na yule ambaye daktari amemruhusu, lakini bado ana dawa za kumalizia nyumbani, huandikwa "ameondoka". Mwenyewe alinieleza zamani: "Huyo bado anakohoa, nitaandikaje amepona? Nitakuwa nimesema uongo. Ameondoka wodini, basi, nimeandika nilichokiona."

Huo utafiti ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia. Mkuu wake alikuwa bwana mmoja kutoka hospitali kubwa, ambaye sisi tulimwita Bwana Takwimu. Alitaka rejista za hospitali tano ziingizwe katika kompyuta moja, ili wajue dawa ipi inasaidia zaidi. Jambo jema. Lakini kila hospitali ilikuwa na uandishi wake. Moja iliandika saa ya kufika kwa saa za Kizungu na saa ya dawa kwa saa za huku kwetu, kwa hiyo kompyuta ikaonyesha wagonjwa waliopewa dawa saa sita kabla hawajafika hospitali. Nyingine, kwenye safu ya jinsia, iliandika M kwa watu wote miaka miwili mizima. Walipoulizwa walijibu kwamba mwanamume ni M na mwanamke ni M, wao wamekosea wapi?

Ili kumaliza vurugu hizo Bwana Takwimu alitengeneza orodha ya maneno. Kila neno likapewa namba, na kompyuta ikawa inageuza yenyewe. Orodha hiyo aliitengenezea hospitalini kwake, kwa maneno ya huko kwake. Hilo tulikuja kulijua baadaye.

Jumatano mke wangu aliripoti stoo ya mashuka. Mtunza stoo, mwanamke mmoja mwenye maneno mengi, alimpokea mlangoni.

"Karibu, Mama Rejista. Kwetu huku utapumzika. Mashuka hayafi."

"Na yakichanika unaandika?"

"Naandika nini? Nayafanya matambara."

Mke wangu akaomba daftari. Kufikia saa nane ya siku ile mashuka yote yalikuwa yamehesabiwa na kupewa namba, na mtunza stoo alikuwa ameshaanza kumkimbia.

Ijumaa, Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, alikuja stoo na karatasi aliyoikunja mara nne. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kuogopa barua. Alisema ile ndiyo orodha ya hao thelathini na tisa, na kwamba yeye hajaileta.

Mke wangu akaipokea, akaanza kusoma kwa kidole. Alipofika namba saba akasimama.

"Matroni, huyu namba saba si fundi viatu wa getini?"

"Sijui. Mimi nimeona majina tu."

"Ndiye. Umri ndio huo, mtaa ndio huo. Huyu mtu Jumatatu ameshona kiatu changu." Akanyanyua mguu. "Hiki hapa!"

Matroni akakitazama kile kiatu kana kwamba kimetoka kaburini.

Nilitumwa mimi kwenda kumleta fundi viatu. Alikuja na sindano yake bado mkononi. Alipoelezwa kwamba kwenye kompyuta ameshakufa miezi kumi na minne sasa, alifikiri kidogo.

"Sista, kama nimekufa, mbona mke wangu bado ananigombeza?"

Hapo mke wangu akaomba rejista iletwe kutoka wodini, akalifungua jambo lote. Alipeleka kidole chini, mstari kwa mstari. Wote thelathini na tisa walikuwa wale wa "ameondoka". Hakuwamo hata mmoja wa "amepona". Kuna mtu, mahali fulani, alikuwa amesoma "ameondoka" akaelewa ameondoka duniani.

Alimpigia Bwana Takwimu kwa simu ya stoo. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya marobota, na sauti ya yule bwana nilikuwa naisikia yote.

"Mama, nakuelewa," alisema. "Lakini mfumo unasema vifo hamsini."

"Mmoja wa hao maiti yupo mbele yangu, ananiuliza kama kisigino bado kinabana. Nikupe uongee naye?"

"Hapana, hapana. Utaratibu upo. Kama kuna taarifa imekosewa, inajaziwa fomu. Nitakutumia fomu thelathini na tisa, moja kwa kila mgonjwa. Ushahidi uambatanishwe."

Kwa hiyo kwanza ukatafutwa ushahidi. Namba za simu zilikuwamo kwenye rejista, maana Mama Rejista huandika ya mgonjwa na ya ndugu yake. Wiki nzima, mchana, akawa anapiga simu kutoka stoo. Tatizo likawa namna ya kuuliza. Siku ya kwanza aliuliza moja kwa moja, "Samahani, wewe ni mzima?" na mwanamke mmoja akajibu, "Kwa nini, umesikia nini?" akaanza kulia. Siku ya pili akabadilisha.

"Napiga kutoka hospitali. Tunahakikisha kumbukumbu. Kwetu imeandikwa kwamba umefariki."

"Nani kawaambia? Ni shemeji yangu huyo! Tangu tulipogombania ile nyumba ya urithi..."

"Si shemeji yako, kaka. Ni kompyuta."

"Na hiyo kompyuta imetumwa na nani?"

Mzee mmoja alikasirika, akasema yeye hapokei habari za kifo chake kwa simu, waje nyumbani watu wazima. Bibi mwingine alishukuru sana kukumbukwa, akauliza lini atapigiwa tena. Pamoja na fundi viatu, thelathini na sita walipatikana, wazima.

Wa thelathini na saba alipokea binti yake. Alisema baba alitoka hospitali vizuri, akamaliza dawa, akarudi shambani. Miezi minane baadaye akafariki kwa kuanguka. Mke wangu alimpa pole, akaandika, akaweka simu. Siku ile hakupiga nyingine. Alikaa akikunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa.

Wawili waliobaki simu zao hazikuita.

Ndipo fomu zikaja, bahasha nzima. Juu zimeandikwa "Marekebisho ya Taarifa za Mgonjwa Aliyefariki". Mke wangu akaanza na fundi viatu. Jina, umri, wodi, tarehe ya kulazwa. Sehemu ya sita ilisema: "Tarehe ya kifo (lazima ijazwe)."

Akaitazama muda mrefu. Halafu akaandika kwa herufi zake za mviringo: "Bado."

Akaandika "Bado" kwenye fomu thelathini na sita. Ya thelathini na saba akaandika tarehe, na pembeni maelezo kwamba kifo hicho si cha wodini. Zikapelekwa. Baada ya siku nne zikarudi zote na muhuri: HAIJAKAMILIKA.

Akashika simu. Safari hii hata mtunza stoo alisogea kusikiliza.

"Mama, 'bado' si tarehe," alisema Bwana Takwimu.

"Najua si tarehe. Ningekuwa nayo tarehe ya kufa ya watu wote hawa ningekuwa mganga wa ramli, nisingekuwa muuguzi."

"Mfumo haupokei nafasi tupu."

"Na mimi sipokei maiti anayepokea simu!"

"Basi weka tarehe yoyote, halafu tutaifuta baadaye."

Nilijua angejibu nini kabla hajafungua mdomo.

"Bwana," alisema, "rejista yangu ina miaka ishirini na mbili na haina hiyo 'tarehe yoyote'. Ina tarehe zenyewe."

Akakata simu. Nyumbani hakula. Nilimwambia kwa upole kwamba pengine angeandika tu, ili yaishe, arudi kazini kwake. Alinitazama kana kwamba nimemwandikia tena "Tayari".

"Wewe pia?" akasema. "Niwaue kwa mkono wangu, ndipo nionekane sikuwaua?"

Nilikuwa nimechoka, nakiri. Nilichoka na fomu, nilichoka na simu, nilichoka na watu wanaonisimamisha koridoni kuuliza eti ni kweli. Lakini alikuwa na haki, na hilo ndilo lilinichosha zaidi.

Matroni ndiye aliyepata ujasiri mwishowe, sijui aliutoa wapi. Aliandika kwamba hospitali yetu haitatoa rejista nyingine yoyote mpaka watunza rejista wa hospitali zote tano wakae meza moja. Wakaja. Chumba cha mikutano mlango wake ulikuwa haufungi, na siku hiyo asubuhi nikaitwa kuutengeneza, kwa hiyo nilikuwapo na bisibisi yangu.

Walianza kwa maneno makubwa. Bwana Takwimu alikuwa mwembamba kuliko sauti yake. Alizungumza nusu saa juu ya umuhimu wa taarifa kuwa za aina moja. Mke wangu akanyoosha mkono.

"Naomba niwaulize wenzangu swali dogo. Ukiandika 'ameondoka', mgonjwa wako yuko wapi?"

Mtunza rejista wa hospitali kubwa, mama mtu mzima, alijibu kwanza. "Mochwari. Sisi ndugu wa wagonjwa wanachungulia rejista. Nikiandika 'amekufa' wodi nzima inapiga yowe. Kwa hiyo naandika ameondoka. Kila mtu kwetu anajua."

"Na wewe, kaka?"

"Wa kwangu yuko kwake," alisema mwanamume wa hospitali ya tatu, "lakini kwa kuruka ukuta. Ameondoka ni yule aliyetoroka. Mwenye ruhusa tunaandika 'ameruhusiwa'."

"Wa kwetu amehamishiwa hospitali nyingine," alisema wa nne.

Wa tano alisema wao hawatumii neno hilo kabisa, wanachora mshale. Mshale wa juu na mshale wa chini. Hakuna aliyethubutu kumuuliza wa juu unaelekea wapi.

"Wa kwangu," alisema mke wangu, "yupo getini anashona viatu."

Chumba kilicheka, kisha kila mmoja akaanza kuhesabu watu wake. Yule wa kuruka ukuta alishika kichwa. "Ina maana watoro wangu wote mmewazika?"

Bwana Takwimu alifungua kompyuta yake, akatazama orodha yake ya maneno, akaifunga. Akasema polepole kwamba yeye alidhani Kiswahili ni kimoja.

"Ni kimoja," alisema Matroni. "Wodi ndizo nyingi."

Wakakubaliana siku ileile. Maneno yasigeuzwe tena na kompyuta. Kila hospitali irudi kwenye rejista yake na kuandika namba kwa mkono: moja, amekwenda nyumbani kwa ruhusa, mbili, amefia wodini, tatu, ametoka bila ruhusa, nne, amehamishwa. Nami nikamaliza mlango, ukafunga.

Ungefikiri yameisha. Wiki iliyofuata ikaja barua. "Suala lako limefungwa. Unaweza kurejea wodini."

Mke wangu aliisoma akiwa amesimama kati ya rafu za mashuka. "Limefungwa," akasema. "Mimi nikiwa ndani au nikiwa nje?"

"Mama watoto, jamani, rudi wodini!" Hapo nilipaza sauti, jambo ambalo silifanyi. "Wameshakuambia urudi!"

"Wameniambia nirudi. Hawajasema sikuficha. Hii barua na ile ya kwanza zitakaa faili moja. Nikistaafu, atakayefungua atasoma nini? Kwamba niliua watu thelathini na tisa, halafu suala likafungwa."

Akaijibu. Bwana Takwimu, ambaye sasa alikuwa anamwogopa kidogo, alisema yuko tayari kuandika kwa maneno kamili kwamba hakuna kifo kilichofichwa, mradi wote thelathini na tisa wajulikane walipo. Wawili walikuwa bado hawajulikani. Mtu mwingine angebishana. Mke wangu alisema, "Hilo ni sawa," akaja nyumbani akachukua kofia.

Wa kwanza tulimpata Jumamosi asubuhi, alikuwa amehamia kwa dada yake, mitaa mitatu tu kutoka pale alipokuwa. Wa pili alikuwa mwashi. Tulielekezwa kwenye nyumba, kutoka hapo kwenye mashine ya kusaga nafaka, kutoka hapo kwenye jengo la ghorofa mbili linalojengwa nyuma ya soko. Jua lilikuwa kali na kiatu changu kilikuwa kinabana. Msimamizi alituonyesha kwa kidevu. Juu kabisa, kwenye jukwaa la miti, mwanamume alikuwa anapiga lipu, mguu mmoja juu ya ubao, mwingine hewani.

Mke wangu akamwita kwa majina yake yote matatu.

Yule mtu akageuka, ubao ukacheza. "Nani huyo? Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, kaka! Natoka hospitali!" Akaweka mikono mdomoni apate sauti. "Shuka! Lakini shuka polepole, nakuomba, shika vizuri! Usinifie leo!"

Alishuka taratibu, mke wangu akiwa amefumba jicho moja. Alipokanyaga chini tukamweleza. Akasaini kwa kidole gumba, na saruji yake ikabaki kwenye karatasi.

"Sasa hii inasema nini?"

"Inasema wewe ni mzima."

"Hilo tu ndilo limewaleta mpaka huku, kwa jua hili?"

"Hilo tu."

Akaitazama ile karatasi, akamtazama msimamizi wake. "Naomba nakala, sista. Nimpe huyu bwana. Kila siku ananiambia nafanya kazi kama maiti."

Barua ilikuja Alhamisi, nusu ukurasa, maneno kamili: kwamba muuguzi hakuficha kifo chochote, kwamba kosa lilikuwa katika kulisoma neno lake. Mke wangu aliisoma mara mbili, mara ya pili kwa kidole. Nilisimama pembeni nikiomba Mungu asikute pa kusahihisha. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akamkabidhi mtunza stoo daftari la mashuka.

"Mia nne na sita," akamwambia. "Likichanika, andika."

Akapanda ngazi kwenda wodini.